Wakala Anarejesha Nini? Uhakiki wa Mstari Mmoja Uliosomwa Kabungu

Miongoni mwa barua zilizofika katika dawati letu la istilahi robo hii imo moja kutoka kata ya Kabungu, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Mwandishi wake ni mtumishi wa umma ambaye kazi yake mojawapo ni kupokea habari za magonjwa na vifo visivyo vya kawaida kutoka vijijini na kuzipeleka ngazi ya juu. Pamoja na barua ameambatisha karatasi ya mafunzo ya mfumo wa majaribio, iliyotafsiriwa na ofisi ambayo hapa hatutaitaja, maana kosa tulionalo si la ofisi moja. Katika mfumo huo imo programu ya akili mnemba ambayo mtumishi huiuliza swali kwa maneno ya kawaida, nayo hutafuta jibu ndani ya mfumo kwa kutumia zana ilizopewa. Mbele ya kila zana umeandikwa mstari mmoja wa kueleza kazi yake. Mstari uliomshinda ndugu yetu ni huu:

"Wakala atarejesha maelezo ya usanidi wa ufuatiliaji wa matukio."

Anauliza mambo matatu: wakala huyu ni nani, anarejesha nini, na ni nani aliyekuwa amekiondoa hicho kinachorejeshwa. Aongeza kwamba kwa kuwa hakupata wa kumjibu, hakubonyeza.

Twaona maswali haya yanastahili zaidi ya majibu mafupi tuliyozoea kuyatoa katika ukurasa wa wasomaji. Kwanza, mstari wenyewe hauna kosa la sarufi. Upatanisho wake ni sahihi. Hakuna neno hata moja la Kiingereza lililoachwa. Na kila neno limo ama katika kamusi ama katika orodha za istilahi zinazotumika. Mkaguzi mwenye orodha mkononi, akipiga alama mbele ya kila neno, angeupitisha bila kusita. Hata hivyo mtu anayeijua kazi yake vizuri ameusoma, akauogopa, na akaiacha kazi aliyotakiwa kuifanya. Tafsiri ya namna hii haina budi kuhakikiwa kwa kipimo kingine.

Yafaa kwanza ieleweke mstari huo ulikusudia kusema nini. Mfumo wowote unaoangalia matukio huendeshwa kwa masharti yaliyowekwa mapema. Masharti hayo huamua ni jambo gani lihesabiwe kuwa tukio; likifikia kiwango gani mfumo upige kengele; uangalie mara ngapi, kila saa au kila juma; na taarifa ipelekwe kwa nani, kwa njia gani. Katika habari za afya, jambo hili ni zito. Mgonjwa mmoja tu anayeshukiwa kuwa na kipindupindu, au mtoto mmoja aliyelegea viungo kwa ghafula, atosha kutolewa taarifa mara moja. Malaria haiendi hivyo: huko hutazamwa hesabu ya juma na kulinganishwa na kiwango cha kawaida cha mahali. Mtu aliyeandika masharti akikosea, akaweka wagonjwa watatu mahali pa mmoja, mfumo utakaa kimya na wagonjwa wawili wa kwanza watapita. Hali kadhalika, ikiwa namba ya simu iliyoandikwa ni ya afisa aliyehamishwa mwaka jana, kengele italia Sumbawanga au Dodoma, na Kabungu hapatakuwa na habari.

Kwa hiyo zana iliyoelezwa na ule mstari ni zana njema sana. Kazi yake ni kuyasoma masharti hayo na kumwonyesha mtumishi jinsi yalivyo, ili aone kama yanafaa. Haiongezi, haipunguzi, wala haibadili kitu. Wilaya ya Tanganyika inapakana na Ziwa, na upande wa pili ni Kongo. Vyombo vinavuka, watu na mizigo yao wanavuka, na magonjwa hayaombi hati ya kusafiria. Mtumishi wa mahali kama hapo akishindwa kujua mfumo wake umeambiwa uangalie nini, amefungwa kitambaa machoni.

Tuanze na neno lililomtisha, yaani rejesha. Tumelikuta katika tafsiri nyingi za kompyuta likitumika kwa maana ya kuchukua habari zilizohifadhiwa na kuzileta mbele ya msomaji. Tunaelewa lilivyoingia. Mfasiri alikuta kitenzi cha Kiingereza chenye kiambishi cha mwanzo kinachodokeza "tena" au "nyuma", akatafuta kitenzi cha Kiswahili chenye harufu ya "nyuma", akakiona rejesha. Kumbe kile kitenzi cha Kiingereza kilitoka katika Kifaransa cha zamani kikiwa na maana ya kupata tena, na kilitumiwa kwa mbwa wa wawindaji wanaokwenda kumtafuta ndege aliyepigwa. Uzito wake umo katika kupata. Rejesha ya Kiswahili uzito wake umo katika kwenda: kitu kilitoka mahali, sasa kinapelekwa pale pale kilipotoka.

Tena, msomaji wa Kabungu analifahamu neno hili vizuri mno. Kitabu cha maktaba hurejeshwa. Mkopo wa kikundi hurejeshwa, na marejesho yakichelewa barua hufika. Katika simu yake ya mkononi, kurejesha mipangilio ya kiwandani ni kufuta kila kitu na kuanza upya, na wengi wamepoteza picha na namba za ndugu zao kwa kubonyeza hapo bila kukusudia. Sasa anaambiwa kwamba wakala atarejesha jambo linalohusu mipango ya mfumo wa afya. Je, tumlaumu kwa kuondoa kidole? Sisi twaona alifanya kama mtumishi mwenye busara atakiwavyo kufanya.

Lakini liko jambo la kushangaza zaidi. Wafasiri wetu hawakuwa na haja ya kwenda mbali, maana ofisi zetu zinayo masjala, na masjala inayo lugha yake timamu iliyokomaa kwa miaka mingi. Afisa akitaka kujua jambo, karani wa masjala hutafuta jalada na kulitoa, afisa hulisoma, kazi ikiisha, jalada hurejeshwa. Basi katika lugha ya masjala kutoa na kurejesha ni vitendo viwili vinavyopingana. Mfasiri aliyeandika rejesha kwa maana ya kuleta habari amemwambia karani afanye kinyume cha alichoombwa: badala ya kulitoa jalada lisomwe, alirudishe kwenye rafu. Makarani waliozoea kazi hiyo wangeuona upotovu huu kwa mara moja, kama wangeulizwa. Twashuku kwamba hawaulizwi.

Ndugu yetu wa Kabungu amependekeza iandikwe leta. Ni kitenzi chema, kifupi, na hakitishi. Upungufu wake ni kwamba hakisemi kama kinacholetwa kimeng'olewa mahali pake au kimenakiliwa tu. Sisi tungechagua kuonyesha, au pale nafasi iruhusupo, kusoma na kuonyesha. Kitu kilichoonyeshwa kimebaki kilipo. Rejesha tuiachie kazi yake halisi katika kompyuta, ambayo ni kuweka tena hali ya zamani iliyopotea au kubadilishwa. Kazi hiyo ipo, ni ya hatari, na inahitaji neno lake peke yake. Maadamu neno moja linabeba kazi hizo mbili, watumishi watagawanyika makundi mawili: wale wasiobonyeza kamwe kwa hofu, na wale waliozoea kwamba rejesha haina madhara, ambao siku moja watakutana na rejesha ya kweli.

Neno la pili, usanidi, lina tatizo la namna nyingine. Nomino zinazoanza na u- na kuishia na -i, kama vile upishi, uandishi, uuguzi na ujenzi, kwa kawaida hutaja tendo au ufundi wa kutenda. Ni kweli kwamba -i ya sanidi ni ya shina lenyewe wala haikuongezwa, lakini sikio la msomaji halichambui mashina; lasikia usanidi na kuuweka pamoja na uandishi. Sasa tukitanguliza maelezo, tukapata "maelezo ya usanidi", msomaji ataelewa nini? Ataelewa maelekezo ya namna ya kusanidi, kama vile "maelezo ya matumizi" yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Mfasiri alitaka kusema hali ilivyo. Msomaji ameelewa jinsi ya kufanya. Kwa mara nyingine mstari umeelekea upande usio wake, na safari hii bila neno lolote kuwa geni.

Tiba ipo mikononi mwa kila mwenye simu ya kisasa iliyowekwa katika Kiswahili, kwani humo neno lililoandikwa ni mipangilio. Mpangilio hutaja matokeo ya kupanga; vitu vimekwisha kupangwa, na hivi ndivyo vilivyo. Tumesikia hoja ya baadhi ya wataalamu wa kompyuta kwamba katika taaluma yao kuna dhana mbili, moja pana na nyingine finyu, na kwamba mipangilio imekwisha kutwaliwa na ile finyu. Hoja hiyo tunaipokea kwa vitabu vya kufundishia wahandisi, na humo usanidi uendelee. Katika karatasi iendayo kwa mtumishi wa kata tofauti hiyo haina kazi, na kumlazimisha ajifunze neno jipya ili aelewe jambo ambalo tayari ana neno lake ni kumtwisha mzigo usio na mali ndani yake.

Kuhusu ufuatiliaji tuna mashaka, ila hatupendekezi ling'olewe. Mwaka 1998 nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya mkakati wa pamoja wa kufuatilia magonjwa, na tangu wakati huo ufuatiliaji wa magonjwa limekuwa jina la kazi katika hospitali na zahanati zetu. Watumishi wengine wanalijua katika ufuatiliaji na tathmini ya miradi. Mashaka yetu ni kwamba kufuatilia kunahitaji kitu kilichokwisha kutangulia: hufuatilii nyayo zisizokuwapo. Mfumo unaongoja tukio ambalo halijatokea haufuatilii, bali unaangalia, kama mgonjwa mahututi alazwavyo chini ya uangalizi. Isitoshe, kwa mwananchi wa kawaida kufuatiliwa si jambo la kufurahisha. Pamoja na hayo, kubadili jina la kazi iliyokwisha kuota mizizi ni kuleta fujo kubwa kuliko faida. Ufuatiliaji ubaki kuwa jina la kazi yenyewe, na pale inapoelezwa mashine hufanya nini, itumike angalia.

Neno tukio nalo lina historia inayolielemea. Katika magazeti yetu na katika taarifa za polisi, tukio ni ajali, wizi, au mauaji. Na mahali pa tukio ni mahali palipozungushiwa utepe. Wahandisi wa kompyuta, kwa upande wao, huita tukio kila kitu kidogo kilichotokea ndani ya mashine: mtu amefungua mfumo, ujumbe umepokelewa, umeme umekatika. Mfumo mmoja waweza kuandika maelfu ya matukio kwa siku na pasiwe na mtu yeyote aliyeumia. Tena iko maana ya tatu, ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007. Humo tukio si ugonjwa uliothibitika tu. Ni dalili yoyote ya ugonjwa, au jambo lolote linaloweza kuzaa ugonjwa. Mkoani Kagera mwaka 2023, kabla virusi vya Marburg havijatangazwa tarehe 21 Machi, habari iliyokuwapo ilikuwa ya ugonjwa na vifo visivyojulikana sababu yake. Habari ile isiyo na jina ilikuwa tayari ni tukio kwa maana ya Kanuni, ingawa hakuna kamusi ya magonjwa ambayo ingeitambua.

Sasa mtumishi wa Kabungu akisoma "matukio" achukue maana ipi? Akichukua ya magazeti, atangoja watu wafe. Akichukua ya wahandisi, atashangaa anahusikaje na umeme kukatika. Hili haliponywi kwa kubadilisha neno, maana neno ni zuri na limeenea. Linaponywa kwa kulifafanua mara moja, mwanzoni mwa karatasi, kwa mifano inayofanana na mazingira ya msomaji: ng'ombe wengi kufa kwa ghafula katika zizi moja, nyani kuokotwa wamekufa msituni, watu wawili wa nyumba moja kufa kwa ugonjwa usioeleweka. Tunawaomba wafasiri wasione haya kuandika ufafanuzi ambao haumo katika asili. Mwandishi wa asili aliwaandikia wenziwe wanaojua.

Kabla hatujafika kwa wakala, tuseme kwa ufupi juu ya ule mnyororo wa viunganishi vya -a. Kiingereza kinaweza kupanga majina matatu manne kwa mfululizo bila kitu katikati, na msomaji wake akajua lipi linalitumikia lipi. Kiswahili huyaunga kwa -a, na -a haisemi kama jina linalofuata ni mtenda au mtendwa. Ulinzi wa askari ni ulinzi unaofanywa na askari. Ulinzi wa mali ni ulinzi unaofanyiwa mali. Kiungo kimoja cha namna hiyo msomaji hukifumbua kwa kujua mambo ya ulimwengu. Vikiwa vitatu mfululizo, kama katika "maelezo ya usanidi wa ufuatiliaji wa matukio", hafumbui tena, anabahatisha. Dawa yake ni vitenzi. Kiswahili ni lugha ya vitenzi, na sentensi yenye "mipangilio inayoeleza ni matukio gani yanayoangaliwa" ni ndefu kwa herufi lakini ni fupi kwa akili.

Sasa wakala. Hapana neno katika mstari ule linalojulikana zaidi Kabungu kuliko hili. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wakala ni mtu mwenye kibanda na daftari, ambaye humpa pesa zako akazituma, au humwomba akakutolea. Barabara ya kijiji ina wakala wake, na maji ya kijiji yana wakala wake, na Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997 imezaa taasisi nyingi zenye jina hilo. Katika matumizi yote hayo wakala ana sifa moja isiyokosekana: yuko kwa niaba ya mwingine. Ukiuliza "wakala wa nani?" lazima pawe na jibu, na mara nyingi jibu limeandikwa kwa rangi kubwa juu ya kibanda. Akikudhulumu, unajua pa kwenda.

Serikali yenyewe imeichunga tofauti hii kwa uangalifu. Chombo cha kusimamia mifumo ya kompyuta serikalini kilianzishwa mwaka 2012 kwa jina la Wakala wa Serikali Mtandao. Sheria ya mwaka 2019 ilipokiongezea nguvu, jina nalo likabadilika kikawa Mamlaka ya Serikali Mtandao. Wakala hutumwa, mamlaka huamua. Twaona haifai chombo chenye uwezo wa kuamua kiendelee kuitwa jina la mtumwa.

Tunapoiita programu ya kompyuta wakala, basi, tunaipa hadhi ya mjumbe aliyetumwa na kuaminiwa. Si kosa kufanya hivyo, ila hatuna budi kumtaja aliyemtuma. Mstari uliosomwa Kabungu umesema wakala na kunyamaza. Ni wakala wa halmashauri? Wa wizara? Wa kampuni iliyounda programu? Wa yule mtumishi mwenyewe aliyeuliza swali? Sisi twaona jibu la mwisho ndilo sahihi katika mfumo ule, kwa kuwa programu hufanya kazi kwa niaba ya anayeiuliza, katika mipaka iliyowekwa na ofisi yake. Hayo yote yalihitaji kuandikwa, na hakuna hata neno moja lililoandikwa.

Kuna tena jambo la upatanisho, na hapa twatofautiana na baadhi ya wenzetu. Mfasiri ameandika "wakala atarejesha", kwa upatanisho wa viumbe vyenye uhai. Wenzetu husema ni sawa, maana nomino yenyewe ni ya watu. Lakini kiambishi a- humwambia msomaji kwamba yupo mtu ndani, mwenye nia, na pengine mwenye huruma. Kompyuta hatuisemi "amesoma", twasema "imesoma". Pendekezo letu ni programu wakala, na upatanisho ufuate programu: programu wakala inasoma, programu wakala imekosea. Hivyo sarufi itamkumbusha msomaji kila mara kwamba anashughulika na kitu, na kwamba mtu wa kuulizwa yuko mahali pengine. (Kuhusu jina la taaluma nzima hatutaki kurefusha. Yanasikika matatu: akili bandia, inayodokeza ughushi, akili unde, inayofuata unda, na akili mnemba, ambayo tumeitumia hapa kwa sababu ndugu yetu aliitumia, ingawa tumewahi kuulizwa na mwalimu mmoja kama ilivumbuliwa katika kisiwa cha Mnemba.)

Huenda msomaji akasema kwamba tunapiga kelele juu ya mstari mmoja, na kwamba mistari ya kompyuta imekuwa ikitafsiriwa vibaya siku zote bila dunia kuanguka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, baadhi ya maneno yake yalichekwa, lakini watu waliendelea kupiga chapa. Ni kweli. Tofauti ni kwamba wakati ule neno lilikuwa kibandiko tu. Neno likimpotosha mtu, picha iliyo pembeni ilimwelekeza, na mashine yenyewe haikujali kibandiko kimeandikwa nini.

Hali imebadilika. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol, ambayo ni njia mojawapo ya kuunganisha programu za akili mnemba na zana pamoja na hazina za data. Humo kila zana hutambulishwa kwa jina, kwa maelezo ya maneno ya kawaida, na kwa orodha ya vitu inavyohitaji kupewa ili ifanye kazi. Programu husoma maelezo hayo, kama mtu asomavyo, ndipo ichague zana ya kutumia. Maana yake ni kwamba mstari ule wa maelezo si kibandiko tena. Ni sehemu ya maagizo. Tukiutafsiri na kuuweka ndani ya mfumo, msomaji wake wa kwanza atakuwa mashine, na mtumishi wa kata atakuwa wa pili.

Sasa fikirini mfumo wenye zana mbili, moja ya kuonyesha mipangilio ilivyo, na nyingine ya kuirudisha katika hali ya mwanzo, zote zikielezwa kwa kitenzi rejesha. Mtumishi anaandika kwa Kiswahili safi kwamba anataka kujua taarifa za kipindupindu zinapelekwa kwa nani. Mashine inatazama mistari miwili inayofanana na kubahatisha. Toleo la itifaki hiyo la Machi 2025 liliongeza alama za kueleza tabia ya zana, mojawapo ikiwa ya kusema kwamba zana husoma tu wala haibadili kitu. Lakini itifaki yenyewe inaonya kwamba alama hizo ni dokezo, si dhamana. Ulinzi wa kweli umo katika ruhusa: programu isiyopewa ruhusa ya kubadili haiwezi kubadili hata ikitafsiriwa vibaya. Hilo ni la wahandisi. Letu sisi ni kuhakikisha kwamba vitenzi vinne, yaani onyesha, badili, rejesha na futa, havikanyagani katika karatasi yoyote itokayo ofisi za umma.

Kwa mstari wenyewe, tunapendekeza usomeke hivi: "Programu wakala ya ofisi yako itasoma na kukuonyesha mipangilio inayoeleza ni matukio gani yanayoangaliwa, kwa kiwango gani, na ni nani anayepelekewa taarifa. Haitabadili chochote." Mstari wa asili ulikuwa na maneno 9, huu una 24. Pale ambapo nafasi ni ndogo, kama juu ya kitufe, yatosha kuandika "Onyesha mipangilio ya ufuatiliaji wa matukio", maadamu maelezo marefu yamewekwa mahali ambapo msomaji ataweza kuyafikia. Sentensi ya mwisho, ile ya maneno mawili, haikuwamo katika asili hata kidogo, na twatarajia kuulizwa kwa haki gani tumeiongeza. Tumeiongeza kwa sababu ndiyo iliyokuwa swali la ndugu yetu, na katika wilaya ambayo Wabende, Watongwe, Wasukuma na wengine wengi wanakutana katika Kiswahili ambacho si lugha ya mama ya kila mmoja wao, jambo la muhimu halifai kuachwa lidokezwe na kitenzi peke yake.

Suala la upatanisho wa programu wakala litapelekwa katika kikao kijacho cha istilahi, na tunawakaribisha walimu na wafasiri wenye hoja za kupinga wazilete kwa maandishi. Wakati tunangoja, tunaziomba ofisi zilizokwisha kutoa karatasi za mafunzo zenye neno rejesha kwa maana ya kuonyesha zichukue kalamu, zilipige mstari, na kuandika neno sahihi juu yake kabla ya kuzigawa tena.